Nyuzi Tisini na Tatu

Barua ya Ofisi ya Mitihani, iliyofika Jumatatu, ilikuwa na mistari sita tu. Mkuu wa shule aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akanisukumia mezani. Ilisema kwamba watahiniwa thelathini na tisa wa shule yetu wamefutiwa matokeo ya fizikia kwa udanganyifu. Katika mtihani wa vitendo waliambiwa wapashe maji moto, wasome kipimajoto kila dakika, na mwisho waandike maji yamechemka kwenye nyuzi ngapi. Wote walikuwa wameandika tisini na tatu, au nusu nyuzi juu yake, au nusu chini yake.

"Kosa moja likifanywa na watu thelathini na tisa kwa mkupuo mmoja," barua ilisema, "hilo si kosa tena, ni njama."

Watahiniwa watatu walioandika mia moja walikuwa wamepewa alama zao kamili.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa fizikia. Nilikuwa na mwaka wangu wa pili pale, bado nagonga mlango wa ofisi ya mkuu kabla ya kuingia hata ukiwa wazi. Shule yetu ilikuwa begani mwa mlima, juu kiasi kwamba asubuhi nyingine ukungu uliingia darasani kabla ya wanafunzi na kuketi nao. Mpishi wetu, mtu wa maneno mengi, aliinjika maharage alfajiri ili yaliwe saa nane mchana. "Huku maharage hayapikwi," alipenda kusema, "yanabembelezwa." Kila mtu aliyehamia pale alilijua jambo hilo ndani ya wiki moja. Ofisi ya Mitihani, yenye shahada zake ukutani, haikulijua.

"Mwite Bi Nyuzi," mkuu aliniambia.

Bi Nyuzi alikuwa mtunza maabara. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake; wanafunzi ndio waliombandika, kwa sababu swali lake kwa kila chombo chenye moto lilikuwa lilelile: "Nyuzi ngapi?" Alikuwa ameosha bika na kufuta vipimajoto katika chumba kile kwa miaka ishirini na mitatu. Shule yeye mwenyewe aliiacha mapema, baba yake alipofariki. Fizikia aliyoijua aliipata akiwa amesimama nyuma ya darasa na kitambaa mkononi, huku walimu wakija na kuhama mbele yake.

Aliisoma barua polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye neno njama, kidole kilisimama.

"Njama?" alisema. "Njama ya kusoma kipimajoto?"

"Punguza sauti, mama," mkuu alimwambia.

"Nitaipunguza wakiipunguza barua yao. Watoto wameambiwa tazama, wametazama. Wameambiwa andika, wameandika. Sasa wanaitwa wezi kwa sababu macho yao ni mazima?"

Akageuka kwangu. "Na hawa watatu, Mwalimu. Hawa walioandika mia moja. Hiyo mia moja waliiona wapi? Maji ya chumba kile hayajawahi kufika mia moja tangu nianze kazi."

"Sijui," nilisema.

Nilikuwa najua. Wiki moja kabla ya mtihani, Bi Nyuzi alichemsha sufuria ya maji mbele ya darasa, na kipimajoto kikagota kwenye tisini na tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Kitabu kinasema mia moja. Tuandike lipi?" Yeye akajibu bila kusita: "Andikeni mnachokiona. Kipimajoto hakina mjomba ofisini." Darasa likacheka. Lakini jioni ile wanafunzi watatu walinifuata nikifunga mlango wangu. Waliniuliza, kwa sauti ya chini, msahihishaji anataka nini. Nami, kwa sauti ya chini vilevile, nikawajibu kwamba msahihishaji anataka mia moja.

Waliomsikiliza yeye walianguka. Walionisikiliza mimi walifaulu. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu akiuliza, nami nilikuwa nimesema sijui.

Siku ileile habari zilienea, na wanafunzi waliomaliza shule walianza kupanda mmoja mmoja kutoka majumbani mwao. Wengine walilia. Mmoja alikuja na mama yake, aliyetaka kujua mwanawe amenakili kwa nani, ili yeye amshughulikie huyo aliyenakiliwa. Aliyenikaa rohoni zaidi ni msichana mmoja mrefu, binti wa mchomelea vyuma, ambaye chuo cha ufundi wa umeme kilikuwa kimeshamkubali, mradi tu afaulu fizikia. Hakulia. Alisimama mlangoni mwa maabara, viganja vikiwa vimeshikana, akaniuliza: "Mwalimu, nilikosea wapi? Nionyeshe tu, nijue."

Bi Nyuzi ndiye aliyemjibu.

"Hukukosea, mwanangu. Niliyewakosesha ni mimi. Mimi ndiye niliyesema andikeni mnachokiona."

Usiku huo sikulala vizuri. Lakini sikwenda kugonga mlango wake pia.

Mkuu wa shule alitaka tuandike barua ya kuomba ufafanuzi. Bi Nyuzi alimuuliza barua hiyo itajibiwa lini, ikiwa vyuo vinafunga orodha zao baada ya wiki tatu. Akasema atashuka mwenyewe mpaka ofisini kwao. Mkuu akasema huko chini hawaendi watunza maabara. Akasema kuna ngazi na taratibu, na kwamba aliye juu mngoje chini.

"Basi wangetungoja," Bi Nyuzi alijibu. "Maana sisi ndio tulio juu."

Alhamisi alfajiri tulipanda basi, yeye na mimi. Mkuu alikuwa amenituma nimfuate ili asije akatukana mtu. Alipakata mfuko wenye jiko la pampu la mafuta ya taa, sufuria ndogo, na kipimajoto kilichozungushiwa kitambaa cha kichwa kama mtoto mchanga. Barabara ilishuka kwa mizunguko, masikio yakawa yanaziba na kuzibuka. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili alinigeukia kabla yangu na kunieleza jambo fulani kuhusu hewa.

"Unajua kwa nini masikio yanaziba? Hewa inaongezeka uzito kadiri tunavyoshuka. Maji yakitaka kuchemka, mvuke wake lazima uisukume hewa iliyolala juu yake. Bondeni hewa ni kama blanketi saba. Kwetu imebaki shuka. Sasa mtu aliyefunikwa shuka atachelewa kuamka?"

"Hatachelewa."

"Hatachelewa! Hata mtoto anaelewa. Halafu mtu mzima, na miwani, anaandika njama."

Ofisi ya Mitihani ilikuwa jengo la ghorofa nne, lenye mabenchi ya mbao kwenye kila ukumbi na watu waliochoka kwenye kila benchi. Tulikaa hadi saa sita. Joto la bondeni lilitutoa jasho, sisi tuliovaa masweta. Hatimaye tuliitwa kwa mkuu wa usahihishaji, mtu mnene, mpole wa sauti, aliyetabasamu kabla hujasema lolote, kama mtu aliyekwisha kukusamehe. Pembeni yake aliketi mkaguzi mmoja mwembamba, mwenye mvi na tai nyembamba, aliyekuwa akichonga penseli.

Bi Nyuzi alieleza. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi: uzito wa hewa, mvuke, mlima. Yule bwana alimsikiliza huku akitazama saa yake.

"Bibi," alisema alipomaliza, "umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mstari wa tisini na tatu."

Mkaguzi aliacha kuchonga. Bwana mnene akacheka kidogo.

"Maji huchemka kwenye nyuzi mia moja. Hilo analijua mtoto wa darasa la tano. Na nyinyi mkitaka tuamini kwamba mlima wenu una maji yake binafsi..."

"Naomba nichemshe hapa," Bi Nyuzi alisema.

Kabla hajakataliwa, jiko lilikuwa limeshakaa sakafuni, limepigwa pampu na linaunguruma. Nilishikwa na hofu. Nilimvuta mkono nikamnong'oneza kwamba huku tuko bondeni, kwamba huku yatafika mia moja kweli, kwamba anajimaliza mwenyewe. Aliuondoa mkono wangu kama mtu anayeondoa jani lililoangukia begani.

Maji yalianza kulalama, kisha kutoa povu, kisha yakachemka kwa nguvu. Bwana mnene aliinuka kutoka kitini, akainama, akasoma.

"Mia moja!" alisema kwa furaha. "Mia moja kamili! Mama yangu, maji yako mwenyewe yamekushitaki. Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini haya leo yamekuchoma wewe."

Hata karani wa mlangoni alicheka. Bi Nyuzi hakubadilika uso.

"Umesoma mwenyewe, mheshimiwa?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Kipimajoto ni kizima?"

"Kizima kabisa. Ndiyo maana kinasema kweli."

"Basi naomba uandike hapa." Alitoa karatasi kutoka mfukoni. "Kipimajoto namba kumi na saba, ndicho hiki, namba imechongwa juu yake. Leo, ofisini kwako, mia moja, kizima. Halafu saini."

Yule bwana, bado akitabasamu, aliandika na kutia saini, kama mtu anayempa mtoto peremende. Bi Nyuzi aliikunja ile karatasi, akaitia kifuani mwa sweta lake, na ndipo sauti ilipobadilika.

"Kipimajoto hiki kilikuwa kwenye meza ya mtihani, mheshimiwa. Kwenye daftari langu kimeandikwa, meza namba sita. Huku kwako kimesema mia moja. Kwetu kilisema tisini na tatu. Chombo ni kilekile, na wewe umekiri kwa mkono wako kuwa ni kizima. Basi kilichobadilika ni nini? Twende ukaone."

Tabasamu lilifutika. "Sisi hatuna muda wa kupanda milima kufuata sufuria."

"Muda wa kuwaita watoto wezi mlikuwa nao!"

Alisema kwa sauti iliyotoka nje mpaka kwenye mabenchi. Nikaona watu wakiinua vichwa. Bwana mnene alianza kumwita mlinzi, lakini yule mkaguzi mwembamba alikohoa.

"Acha niende mimi, mzee," alisema. "Nimesahihisha mitihani hii miaka kumi na minane. Nitakwenda na kipimajoto chetu, kutoka stoo yetu, na nitachemsha mimi mwenyewe. Nikirudi tuifunge faili hii kabisa, maana hawa ukiwaacha watakuja kila siku."

Hakuja kutusaidia, na hilo alituambia waziwazi tulipoingia kwenye gari la ofisi asubuhi iliyofuata. "Nakwenda kuwaonyesha mmekosea wapi," alisema, akiwa amepakata kasha la mbao lenye kipimajoto chake. "Nyie mna kosa la chombo, au la moto, au la macho. Moja kati ya hayo matatu."

Bi Nyuzi alitaka tusimame njiani na kuchemsha kila tulipopanda kiasi. Mkaguzi alikubali kwa kebehi. Pale gari lilipomaliza tambarare na kuanza kupanda, kando ya daraja, alichemsha kwa mkono wake: tisini na nane.

"Upepo," alisema.

Tuliendelea kupanda. Kwenye machimbo ya kokoto, ambapo wapasua mawe waliacha nyundo zao wakaja kututazama, alichemsha tena: tisini na sita. Hapo hakusema upepo, maana hapakuwa na upepo. Aliinama akalitazama jiko.

"Moto mdogo huu. Jiko lako limechoka, bibi."

"Ongeza mwenyewe."

Alichuchumaa, tai ikining'inia juu ya mvuke, akapiga pampu mpaka ndimi za moto zikawa zinatoka pembeni mwa sufuria. Maji yaliruka, yakamwagikia mawe, mvuke ukamfunika miwani. Mpasua mawe mmoja akamwambia: "Mzee, unapika au unapigana?" Mkaguzi akafuta miwani, akasoma: tisini na sita. Akapiga pampu tena. Tisini na sita.

"Yakishachemka yamechemka," Bi Nyuzi alimwambia, sasa bila ukali, kwa sauti ile aliyowafundishia watoto. "Moto wa ziada hauyapandishi. Wote unakwenda kuyageuza mvuke. Utayamaliza sufuriani upesi, basi."

Mkaguzi alizima jiko. Alikaa juu ya jiwe, akaandika kwenye kijitabu chake, akafuta, akaandika tena. Kisha aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu Jumatatu.

"Sawa. Tuseme mnasema kweli. Wale watatu walioandika mia moja, waliipata wapi?"

Bi Nyuzi alisema, "Hata mimi najiuliza."

Wapasua mawe walikuwa wanatutazama. Dereva alikuwa anatutazama. Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaiamuru.

"Kwangu. Waliniuliza msahihishaji anataka nini, nikawaambia anataka mia moja. Maji yao yalichemka kwenye tisini na tatu kama ya wenzao. Waliandika walichoambiwa."

Mkaguzi aliinamisha kichwa kwenye kijitabu chake. Bi Nyuzi alinitazama kwa muda mrefu. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata na mama yangu.

"Nilikuuliza Jumatatu," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia hujui. Umeniona nikijilaumu mbele ya yule binti. Umekaa nami kwenye basi mpaka bondeni. Nikikueleza habari za hewa." Alitikisa kichwa. "Hawa wa ofisini hawakujua. Ni wajinga, na ujinga una dawa. Wewe ulijua, Mwalimu."

Alichukua sufuria yake, akamwaga maji yaliyobaki, akaenda kukaa kiti cha mbele pamoja na dereva. Safari iliyobaki nilikaa nyuma na mkaguzi.

Tulipofika shuleni tuliwakuta wanafunzi kama ishirini wa wale thelathini na tisa, na wazazi wao, wamejaa maabara mpaka madirishani. Mkaguzi alikataa maji yetu, akaenda kukinga mengine mwenyewe kwenye tangi la mvua. Alikataa sufuria yetu pia, akaazima birika la mpishi. Alifungua kasha lake la mbao, akatoa kipimajoto cha ofisi, akakionyesha watu wote kama mwamuzi anayeonyesha sarafu kabla ya mpira. Kisha akawasha.

Maji yalipoanza kuchemka mkaguzi aliinama. Alisoma. Aliondoa kipimajoto, akakiacha kipoe, akakirudisha. Akabadilisha birika kwa bika ya kioo. Akaomba kipimajoto namba kumi na saba, akavitia vyote viwili pamoja.

"Nyuzi ngapi?" Bi Nyuzi aliuliza.

Mkaguzi alivua miwani. "Tisini na tatu."

"Sema kwa sauti, baba, hawa wa dirishani wasikie. Walipoitwa wezi waliitwa kwa sauti."

"Tisini na tatu," mkaguzi alisema kwa sauti.

Walipiga kelele mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi akidhani kuna moto. Alipoelezwa, alimtazama mkaguzi kwa huruma ya kweli. "Sasa si ungekuja tu kuniuliza mimi? Maharage yangu yanakaa motoni kwa saa nane nzima. Ulidhani nayapendea nini?"

Mkaguzi hakucheka. Aliketi kwenye kigoda cha maabara, akamwambia Bi Nyuzi kwa sauti ya chini, "Tulisahihisha kwa kufuata kitabu."

Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kweli. Alikwenda kabatini, akaleta kitabu chenyewe, kile kile kinachotumika nchi nzima, akakifungua bila kutafuta ukurasa.

"Soma hapa."

"Maji huchemka kwenye nyuzi joto mia moja..."

"Usiishie hapo. Sentensi haijaisha. Malizia."

Mkaguzi alivaa tena miwani. "...katika kanieneo la hewa la usawa wa bahari."

"Kanieneo ndio huo uzito wa hewa. Yaani kitabu nacho kinajua," Bi Nyuzi alisema. "Kitabu kimesema kweli yote, nyinyi mkasoma nusu. Nusu sentensi! Watoto thelathini na tisa mmewafunga kwa nusu sentensi, na mlikuwa mmelipwa muisome nzima."

Mkaguzi aliandika taarifa yake palepale, kurasa tatu, akatia namba za kila kituo tulichosimama, akasaini. Hilo lazima nimpe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliandika pia jina langu na nilichokiri, nami nikatia saini chini yake.

Jibu lilichukua wiki tano. Barua ilikuja na muhuri mkubwa. Ilisema kwamba, kwa kuzingatia mazingira magumu ya shule za milimani, na kwa huruma, Ofisi ya Mitihani imeamua kuwasamehe watahiniwa thelathini na tisa na kuwarudishia alama zao. Ilisema pia kwamba mwalimu wa fizikia anapewa onyo la maandishi, na kwamba watahiniwa watatu watarudia mtihani wa vitendo bila adhabu. Hilo la mwisho lilitokana na Bi Nyuzi: alikuwa amemwambia mkaguzi kwamba watoto wale walimtii mwalimu wao, na mtoto haadhibiwi kwa kutii.

Mkuu wa shule alishangilia. Alisema tuchinje hata kuku. Bi Nyuzi aliisoma barua kwa kidole chake, neno kwa neno.

"Kuwasamehe," alisema. "Nani kaomba msamaha hapa?"

"Mama, alama zimerudi! Yaliyopita si ndwele."

"Alama zimerudi. Na majina yao je? Huku si kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Msamaha hupewa mwenye kosa. Hapa mwenye kosa ndiye anayesamehe!"

Alichukua kalamu nyekundu kutoka mezani kwangu, bila kunitazama, akaisahihisha barua ya Ofisi ya Mitihani kama daftari la mwanafunzi. Alikata neno huruma, juu yake akaandika haki. Alikata kuwasamehe, akaandika kuwaomba msamaha. Kwenye mazingira magumu aliweka alama ya kuuliza, akaandika pembeni: mazingira ni mazuri, hewa ni nyepesi. Chini kabisa akaweka alama: mbili juu ya kumi, rudia kazi. Mkuu alimsihi asiitume. Aliituma kwa rejista.

Haikujibiwa. Mwaka uliofuata, mwongozo wa usahihishaji ulikuja na mstari mmoja mpya, kwa herufi ndogo: kwa shule zilizo mahali pa juu, msahihishaji atumie busara. Bi Nyuzi alipoonyeshwa alisema busara haipimwi, waandike namba. Akaanza kuandikia shule nyingine za milimani, moja baada ya nyingine, kuziomba zichemshe maji na kumtumia walichokiona. Mimi nilimnunulia stempu. Alizipokea, akasema asante. Mpaka leo hajanieleza tena jambo lolote kuhusu hewa.

Siku ile barua ya alama ilipofika, mimi ndiye niliyeshuka kumpelekea habari yule msichana mrefu. Nilimkuta kwenye karakana ya baba yake, ameinamia fremu ya dirisha, cheche zikimrukia miguuni. Alizima mashine akainua kinga ya uso. Nilimpa karatasi. Aliisoma mara moja tu.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Na chuo?"

Nilikuwa nimeshapiga simu. Nafasi yake walikuwa wamempa mtu mwingine wiki mbili nyuma. Wamesema aombe upya mwaka ujao, pamoja na wengine. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia nilichowanong'oneza wale watatu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba asikisikie kwa mtu mwingine. Baba yake aliacha kupanga vyuma.

Msichana alikunja ile karatasi mara nne, taratibu, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

"Ofisi imekosea," alisema. "Wewe umekosea. Mimi sikukosea. Sasa, Mwalimu, mbona anayesubiri ni mimi?"

Baba yake alinitazama, nami nikatazama chini. Msichana alingoja jibu kwa adabu, kama alivyokuwa akingoja darasani, kisha alipoona halipo, alishusha kinga yake na kuwasha mashine.